Mnada Unaofungwa Watu Hawajamaliza Kusalimiana

Kwa Mkurugenzi,
Mnada wa Mtandaoni,
Huko ng'ambo.

YAH: KALAMU YA WINO YA KIJAPANI, FUPI, NYEUSI, NA ADABU ZA WANAOIGOMBEA

Ndugu Mkurugenzi,

Hujambo? Habari za kazi? Nyumbani hawajambo, watoto wanaendelea vizuri? Naacha mstari mtupu hapa chini ili nawe upate nafasi ya kujibu.

..............................................

Nashukuru kusikia hivyo. Sisi huku wazima, ukiacha magoti ya Shangazi, na hayo tumeshayazoea.

Mimi ni karani wa masjala katika ofisi ya maji. Kazi yangu ni kupokea barua za wananchi, kuzigonga muhuri na kuzipeleka kwa wanaohusika, kwa hiyo barua ya malalamiko naijua nje ndani. Ya kwangu mwenyewe sijawahi kuandika. Mmenifikisha hapa nyinyi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mashine yenu ya kutafsiri imeshathibitisha kwamba inakielewa inapotaka.

Kwanza nikueleze kinachogombewa. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ndiye aliyenilea, na sasa anakaa nasi chumba cha mbele. Alikuwa metroni wa wodi ya wazazi. Kadi za akina mama aliziandika kwa kalamu ya wino ya Kijapani aliyopewa na wauguzi wenzake alipopandishwa cheo: fupi ya kukaa mfukoni mwa sare bila kutokeza, lakini ukivua kifuniko ukakichomeka nyuma inarefuka, inakuwa kalamu kamili. Ncha yake dhahabu, laini. Haikandamizwi, unaiweka juu ya karatasi, yenyewe inatembea. Ile ilitumika ikachakaa, ikafa kifo chake. Baadaye vidole vya Shangazi vikaingiwa na baridi yabisi. Kalamu za kawaida zinataka kukandamizwa, naye kukandamiza hawezi. Mwaka huu alipokwenda kuhakikiwa pensheni, kijana wa dirishani alimwona anahangaika kutia sahihi, akamsogezea pedi ya wino aweke dole gumba, halafu akaanza kumsemesha polepole na kwa sauti kubwa, kama mtu asiyejua kusoma. Shangazi aliweka dole. Aliporudi nyumbani alinawa mikono kwa muda mrefu, na tangu siku hiyo hajashika kalamu wala kutaja habari ya kuandika. Iliniuma, Ndugu Mkurugenzi, iliniuma sana. Ndiyo maana nikaingia kwenye mnada wenu nikiwa na akili zangu timamu.

Malalamiko yangu ni haya, kwa mpangilio wa jinsi yalivyonipandisha presha.

1. Saa yenu haina adabu. Chini ya picha ya kalamu mmeweka saa inayohesabu kurudi nyuma, na pembeni yake kisanduku cha kumwuliza muuzaji maswali. Nilipompelekea Shangazi simu aione kalamu, aliishika mbali na macho, akaisogeza, akaipeleka mbali tena, kisha akasema ndiyo yenyewe, pacha wa ile yake. Mimi mkono ulishaanza kuniwasha, nataka kuweka dau. Akaniuliza kama mwenye kalamu tumeshamsalimia. Nikamwambia huku watu hawasalimiani, wanabonyeza. Aliniangalia kwa huruma, ile huruma ya mtu anayejiuliza alikosea wapi kulea.

Basi tukasalimia. Yeye anasema, mimi naandika, mashine yenu inatafsiri. Tulianza na habari za asubuhi, tukaenda kwenye kazi, mvua, afya, watoto. Muuzaji, nisimnyime sifa zake, alijibu moja moja bila kuruka: asubuhi njema, kazi ipo, mvua imenyesha, kifua kinasumbua kidogo, watoto hakujaliwa, samahani. Akauliza za kwetu. Tukajibu. Shangazi akamwuliza habari za baba yake. Akajibu kwamba baba alishatangulia. Sasa hapo niambie wewe mwenyewe: mtu amekutajia msiba, unampa pole, halafu papo hapo unamtajia bei? Tukanyamaza siku nzima kwa heshima ya marehemu. Saa yenu ilikuwa inakimbia tu, haijui msiba wala nini.

2. Bei inakwenda upande usio wake. Mimi nimenunua vitu sokoni tangu nikiwa natumwa chumvi. Muuzaji anataja bei, mnunuzi anashtuka, anataja nusu yake, anajitia kuondoka, anaitwa, wanakutana katikati. Hivyo ndivyo watu wazima wanavyonunua. Nami nikataja nusu. Mashine ikanikatalia kwa maandishi mekundu, ikanitaka nitaje zaidi ya iliyoandikwa. Nikajitia kuondoka. Nilifunga ukurasa, nikaizunguka nyumba, nikarudi. Hakuna aliyeniita. Tangu lini mnunuzi akampandishia muuzaji bei kwa hiari yake, tena akishindana na wenzake nani ataumia zaidi, na anayeumia kuliko wote ndiye anayepewa hongera?

3. Muuzaji ametupokonya maneno yetu. Kila mtu anajua kwamba kuisifia bidhaa ni kazi ya muuzaji, na kuiponda ni kazi ya mnunuzi. Huyu bwana ameiponda mwenyewe. Ameandika kwamba kalamu ni kuukuu, haina maana, ina mikwaruzo (ameipiga picha mikwaruzo yote, mmoja mmoja, hata ule ambao mimi nadhani ni unywele), kwamba yeye si mtaalamu, hajui kama inaandika, na anaomba radhi kwa kutupotezea muda. Sasa sisi tuseme nini? Kilichobaki ni kuisifu. Shangazi hakuvumilia kusikia kalamu ya watu inatukanwa namna ile. Akaniamuru niandike, mbele ya kadamnasi, kwamba kalamu ni nzuri, ncha yake ni ya kuheshimiwa, mikwaruzo ni ya kazi, na mtu asiidharau. Bei ikaruka palepale. Tumeipandisha kwa midomo yetu wenyewe, na sioni wa kumdai fidia isipokuwa nyinyi.

4. Marahaba imeliwa na asiyestahili. Shangazi alipojua kwamba muuzaji ni wa rika langu, alimwelekeza kwa upole kwamba mkubwa huamkiwa. Nikaandika neno lenyewe. Mashine ilishindwa kulitafsiri ikaliacha kama lilivyo, na muuzaji akalipokea kwa mikono miwili. Kesho yake alfajiri tukakuta shikamoo imeandikwa, imenyooka, haina dosari. Shangazi akaitikia marahaba, akashinda siku nzima anatabasamu peke yake. Tatizo ni kwamba bwana yule, kwa kupenda adabu kwake, alianza kumwamkia kila mtu. Mtu akiuliza kama mpira wa ndani wa kunyonyea wino umepasuka, anajibiwa shikamoo, ndiyo umepasuka, samahani. Mmoja wao, asiyejulikana umri wala ukoo, akatazama juu jinsi Shangazi alivyoitikia, akanakili: marahaba. Shangazi alisimama. Kwa magoti yale, alisimama. Hadi leo anataka kujua huyo mtu kazaliwa mwaka gani. Mtu unaweza kudhulumiwa mali ukasamehe, lakini kuona shikamoo inaliwa hivi hivi na kijana ambaye pengine hata ndevu hajaota, hapana.

5. Lalamiko hili nimeliondoa. Mke wangu amelisoma akasema linahusu mimi na simu, haliuhusu mnada.

6. Salamu zetu zimegeuzwa maonyesho. Mnaandika pembeni ni watu wangapi wanaitazama kalamu. Mwanzo tulikuwa wachache tu, tunajuana kwa kutojuana. Shangazi alipoanza kumhoji muuzaji anakula nini na kile kifua chake, watu wakaongezeka. Akamwagiza anywe maji ya moto na aache kulala dirisha wazi. Wakajaa. Wanunuzi wa nchi nyingine wakawa wanaingia kuuliza kifua kimefikia wapi, na kwa kuwa wameshafika, wanaweka dau. Yaani kila wema wa Shangazi unaongeza bei. Nilimwomba, nikamsihi, angalau apunguze. Akaniambia hawezi kumwacha mgonjwa katikati ya dozi.

Hapo ndipo alipouliza habari za mama. Kwa kawaida angeuliza mapema, ila msiba wa baba ulikuwa umevuruga mpangilio. Muuzaji alichelewa kujibu, kitu ambacho si tabia yake. Akaandika kwamba mama yupo, amehamishiwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mikono yake imekuwa mizito na siku hizi haongei sana. Nyumba yao inahamwa, ndiyo maana vitu vinauzwa. Kalamu ni ya mama. Aliitumia kazini maisha yake yote.

Shangazi alikaa wima, nami nikajua tumekwisha. Kisha akaanza kusema, nikawa naandika, na sikuthubutu kupunguza neno: kwamba yeye muuzaji ni mtoto mzuri lakini katika hili amekosea, kwamba mikono mizito si mikono iliyokufa, kwamba mtu hauziwi kalamu yake angali hai, na kwamba kabla hajaiuza kwa yeyote, hata kwetu, aende kwanza akamwonyeshe mama yake. Hata kwetu, Ndugu Mkurugenzi. Maneno hayo niliyaandika kwa vidole vyangu mwenyewe huku roho inaniuma, maana kalamu yenyewe naitafuta kwa ajili ya mikono ya nani?

7. Bwana Kimya. Jina hilo amempa Shangazi; nyinyi mnamwandika kwa tarakimu na nyota. Huyu hajapiga hodi, hajauliza kitu, hata mpira wa wino haumshughulishi. Sisi tukipandisha, anapandisha. Tukipumua, anapumua juu yetu. Muuzaji amemwamkia mara kadhaa, hakuitikia. Shangazi mwanzoni alisema hana malezi. Baadaye akasema labda ni mgonjwa. Sasa amefikia mahali pa kumwonea huruma, akaniagiza nimwandikie kumwuliza kama amekula. Nimekataa. Ni mara ya kwanza kumkatalia Shangazi agizo tangu nianze kujitegemea, lakini mpinzani haulizwi kama amekula.

Mnada unafungwa Ijumaa hii. Bwana Kimya yuko juu, mfuko wangu umeshagusa chini, na Shangazi yuko katikati anagawa ushauri wa afya. Kwa hiyo naomba yafuatayo, tena kwa unyenyekevu wote.

Saa isimamishwe mpaka salamu zikamilike, na ukitajwa msiba, mpaka watu wafute machozi. Bei ianzie juu na iteremke, mpaka pale mwenye haya atakaposema basi. Kila anayeweka dau atangaze umri wake na awe na shahidi, ili shikamoo ziende zinakostahili. Aliyekula ile ya juzi airudishe. Bwana Kimya aitwe mbele ya kamati aulizwe ana nini. Na kwa kuwa yote haya yatahitaji msimamizi, naomba Shangazi ateuliwe kuwa Metroni wa Minada Yote, awe anapita mnada hadi mnada asubuhi na jioni akiwajulia hali wauzaji, kama alivyokuwa akipita kitanda hadi kitanda. Yuko tayari kuanza wakati wowote. Anachotaka ni kiti chenye egemeo na asisemeshwe kwa sauti kubwa, maana masikio yake ni mazima.

Kama hayo ni mengi, basi lipo jambo moja jepesi: fungeni mnada kabisa. Tukae kikao, sisi wote tunaoitazama ile kalamu, kila mtu asimame aeleze anaitaka ya nini, na mwenye shida kuliko wenzake apewe. Hotuba yangu imeshakamilika na nimeifanyia mazoezi mbele ya makabati ya mafaili. Bwana Kimya siku hiyo atapata taabu.

Nisingependa jambo hili livuke hapa lilipo, ingawa barabara za kwenda juu nazifahamu, ndiyo kazi yangu.

Nisalimie wote walio chini yako na walio juu yako. Msalimie mlinzi wa getini, anayefagia, anayewachemshia chai, na fundi wa ile saa, umwambie kwamba yeye binafsi sina kinyongo naye. Isalimie pia mashine ya kutafsiri, imefanya kazi kuliko sisi sote. Mke wangu anakusalimu, na anasema pole. Shangazi anakuuliza kama unapata usingizi wa kutosha, maana mtu anayeongoza watu wengi hivyo mara nyingi hajijali.

Ni mimi, niliyeishiwa dau lakini sijaishiwa heshima,

Karani wa Masjala,
mtoto wa kaka yake Shangazi.

Nakala: Muuzaji.
Bwana Kimya, akikubali kupokea.
Faili.

Nyongeza:

Barua hii imelala mezani kwangu majuma kadhaa, kwa sababu ukurasa wenu una kitufe cha msaada lakini hauna sanduku la posta. Wakati nalitafuta, mambo yamebadilika, na kwa taratibu za masjala sina budi kukujulisha.

Siku ya Alhamisi muuzaji aliiondoa kalamu mnadani. Alikuwa amempelekea mama yake akaione, kama alivyoagizwa. Mama aliishika, na alipoombwa airudishe, akagoma. Muuzaji aliwaomba radhi wanunuzi wote, mmoja mmoja, kwa shikamoo. Nilitegemea ugomvi. Badala yake Bwana Kimya akafungua mdomo kwa mara ya kwanza, akaandika kwenye kisanduku kuuliza mama anaendeleaje. Shangazi amemsamehe yote na sasa anataka kujua kama ameoa.

Mimi nilinuna, nisikufiche. Tulikuwa tumeikosa kalamu kwa ushauri wetu wenyewe, na aliyetoa ushauri anaimba jikoni. Muuzaji akaomba anwani yetu. Nikampa bila hamu.

Jana ikaja bahasha. Ndani mna karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono, mistari inateremka kutoka juu kwenda chini, kwa ncha nyembamba na wino mweusi, wa kuchovya bila shaka, maana mpira ulipasuka. Ni ya mama. Humu ndani hakuna anayeweza kuisoma. Nikatoa simu ili mashine itusaidie, Shangazi akanishika mkono. Akaitazama barua kama alivyokuwa akitazama chati ya mgonjwa, kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akasema mwandiko umeanza unatetemeka na umemaliza umetulia. Halafu akaomba kalamu.

Nikamkumbusha kwamba tulizonazo ni hizi za kawaida, za kukandamiza. Akasema mama wa watu ameandika kwa mkono, yeye hawezi kumjibu kwa simu. Akachukua kalamu yangu ya ofisini, akaizungushia bendeji mpaka ikawa nene kama mpini wa mwiko, akaikamata kwa ngumi, akainama. Neno la kwanza lilimtoa jasho. Mimi lilinitoa machozi, nikasingizia vitunguu.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, futa lalamiko la kwanza hadi la saba, pamoja na lile nililoliondoa. Saa iacheni ikimbie, bei iacheni ipande. Barua naituma hivyo hivyo, kwa sababu Shangazi anasema salamu zikishaandikwa lazima zifike. Nyongeza hii naiandikia jikoni, juu ya kifuniko cha sufuria, maana meza ameichukua yeye tangu asubuhi. Nimechungulia sasa hivi kumwuliza kama anakaribia kumaliza. Amesema nisimzibie mwanga, ndio kwanza yuko kwenye habari za kuamka.